Mapenzi ya vampaya wa kuchekesha: uanze na ukoo wa Argeneau, Betsy, Roman au Jane?

Juzi wifi yangu kanipigia saa nane usiku. Ana mtoto wa miezi minne, kwa hiyo saa nane usiku kwake ni saa ya kazi, ila hakutaka ushauri wa mtoto, alitaka kitabu. "Wifi, nitafutie hadithi ya mapenzi ya vampaya, lakini isinitishe, niko peke yangu sebuleni na taa nimezima. Nataka ya kucheka." Nikamtajia nne hapo hapo. Akasema sasa ndo umenichanganya kabisa, nichukue ipi? Nikaanza kueleza, mtoto akalia, simu ikakatika. Ndo maana nimekaa kuandika, najua si yeye tu aliyekwama hapo.

Tuelewane kwanza tunaongelea nini. Hapa sizungumzii vampaya wa kwenye jeneza mwenye huzuni za karne tano, hizi ni hadithi za vampaya anayeishi dunia hii hii ya leo, ana ofisi, ana friji, ana ndugu wanaomuuliza ataoa lini. Sisi wa huku tukisikia mnyonya damu akili inakimbilia kwa mumiani, yule tuliyetishiwa naye utotoni kwamba anapita na gari usiku anakusanya damu za watu, na sijawahi kusikia mtu aliyetaka kuolewa na mumiani. Bibi yangu nilipomwambia nasoma kitabu cha dada aliyempenda mnyonya damu aliniangalia weee halafu akaniuliza kama nimeswali.

Misururu yenyewe ya vitabu ni hii minne: Argeneau wa Lynsay Sands, Undead wa MaryJanice Davidson, Love at Stake wa Kerrelyn Sparks na ule wa Jane Jameson wa Molly Harper. Waandishi wote ni wanawake, Sands ni Mkanada na waliobaki ni Wamarekani, na misururu yote ilianza kati ya 2003 na 2009, kipindi ambacho kila ukigeuka kulikuwa na vampaya. Kuna watakaouliza mbona Sookie Stackhouse hayupo, yule wa Charlaine Harris aliyezaa tamthilia ya True Blood ya HBO. Ana vichekesho ndiyo, lakini ile moyo wake ni upelelezi na maiti ni kibao, na mimi nimeambiwa mtu yuko gizani na mtoto mchanga. Sijamweka.

VIPIMO NILIVYOTUMIA

Cha kwanza kwangu ni damu inatoka wapi. Najua kinaonekana cha ajabu, subirini. Hadithi ya vampaya inakuwa nyepesi au nzito kutegemea anapata wapi chakula. Akiwa anaua watu ili aishi basi hata akiwa mzuri kama nini mapenzi yake yana kivuli, lakini akiwa anafungua friji anatoa mfuko au chupa, hapo hapo anakuwa kaka tu mwenye mlo wa ajabu, na mwandishi ana uhuru wa kuchekesha. Wote wanne wametatua hili, ila kila mmoja kivyake, na ukijua alivyolitatua umeshajua nusu ya ladha ya kitabu.

Cha pili, wapenzi ni wale wale au kila kitabu wapya? Hapa ndo watu wanagombana. Kuna wasomaji wakimpenda mtu wanataka wakae naye mpaka azeeke (au asizeeke), na kuna wengine utamu wote uko kwenye kukutana, kutegeana na kukubaliana, wakishaoana wanataka jozi nyingine.

Halafu kicheko cha namna gani, mambo ya chumbani kiasi gani, na mwisho urefu na pa kuanzia, maana mingine hapa ina vitabu vya kujaza kabati.

UKOO WA ARGENEAU (Lynsay Sands)

Huyu ndo mwenye maelezo ya damu yaliyonifurahisha kuliko wote. Mavampaya wake hawajalaaniwa na hawakufa wakafufuka. Wametoka Atlantis, ile nchi ya hadithi iliyozama baharini! Wanasayansi wa huko walitengeneza vijimashine vidogo mno, nano, vya kuingizwa kwenye damu ili vitibu majeraha na magonjwa, sasa vile vijimashine kazi havimalizi, kila siku mwili unachakaa, jua linaunguza, kila siku vinatengeneza, mtu anabaki kijana milele, ila vinatumia damu nyingi kuliko mwili unayoweza kuzalisha. Atlantis ikaanguka, hakuna tena hospitali ya kuongezewa damu, nano zikawabadilisha watu wakaota meno. Basi. Ndo maana wenyewe hata hawataki kuitwa mavampaya, wanajiita wasiokufa, na siku hizi wanakunywa damu ya kwenye mifuko kama ya benki ya damu. Wanagonga mfuko kwenye meno unajikausha wenyewe, kama mtu na juisi ya pakiti.

Wapenzi: kila kitabu jozi mpya, kutoka kwenye ukoo mmoja mkubwa wenye makao Toronto. Mwenza wa maisha unamjua kwa sababu huwezi kuisoma akili yake wala kumwongoza, wakati binadamu wengine wote unawasoma kama gazeti. Dalili nyingine ni kwamba hamu ya kula inarudi. Hawa watu wakishaishi karne moja au mbili chakula kinawachosha wanaacha kula, sasa ukimwona mjomba wa miaka 600 ghafla anafakamia piza, ukoo mzima unajua kaka kanaswa. Na kila mmoja anaruhusiwa kumgeuza binadamu mmoja tu maisha yake yote, kwa hiyo chini ya utani wote kuna uamuzi mzito umekaa pale.

Kicheko chake ni cha vituko vya familia. A Quick Bite inaanza na Lissianna, ana miaka 200 na ushee, anazimia akiona damu. Vampaya! Inabidi alishwe kwa dripu amelala. Mama yake Marguerite kachoka, anamteka mwanasaikolojia anayetibu hofu za namna hiyo, anamfunga kitandani kwa binti kama zawadi ya siku ya kuzaliwa, binti anaingia chumbani anamwona mwanaume kafungwa anadhani ni chakula. Huyo Marguerite ni mama wa kwetu kabisa, akiamua mtoto wake aolewe hakuna wa kumzuia. Na Single White Vampire ina Lucern, mzee mwenye gubu anayeandika riwaya za mapenzi ya mavampaya, wasomaji wanadhani anatunga kumbe anaandika jinsi ndugu zake walivyokutana na wenza wao, halafu mhariri wake anamburuta kwenye mkutano wa mashabiki ambao alikubali kwenda bila kujua anakubali nini.

Chumbani: kumechangamka, anaelezea, na wenza wa maisha wakimaliza huwa wanazimia wote wawili, jambo ambalo mara ya kwanza linachekesha na mara ya ishirini unaanza kuangalia saa.

Urefu: zaidi ya vitabu 30. Cha kwanza kuchapishwa ni Single White Vampire, 2003, lakini ukifuata mtiririko wa matukio A Quick Bite ya 2005 ndo inahesabiwa namba moja. Ukianza na kimoja kati ya hivyo viwili hupotei, ila usirukie mbele sana. Kuna mjomba anaitwa Lucian, mkali hatari, anaonekana kila mahali akikunja uso, na utamu wa kitabu chake Bite Me If You Can unatokana na kwamba ushamwogopa kwa vitabu kadhaa kabla hajapendwa.

Anayefaa: anayependa koo kubwa, majina mengi, mashangazi wanaoingilia, na anayetaka mwisho mwema kila baada ya kurasa mia tatu na kitu. Asiyefaa: asiyevumilia marudio, maana dalili za mwenza ni zile zile kila safari na wewe msomaji unajua kabla ya mhusika, unabaki kumpigia kelele kwenye ukurasa.

BETSY, MALKIA ASIYETAKA (MaryJanice Davidson)

Elizabeth Taylor, ndiyo jina lake ni hilo kama la yule mwigizaji na ameshachoka kuulizwa, anaitwa Betsy. Yuko Minnesota. Katimiza miaka 30, kapoteza kazi, kagongwa na gari aina ya Pontiac Aztek, gari ambalo mwenyewe anaona ni aibu kufa nalo. Anaamka nyumba ya maiti kavalishwa suti ya pinki na viatu vya bei rahisi vya mama yake wa kambo. Kinachomuuma kuliko kifo ni viatu.

Hapo ndo ladha yote ya msururu huu ilipo. Betsy anasimulia mwenyewe, mdomo hauna breki, anapenda viatu vya Manolo Blahnik kuliko roho yake, na mavampaya wanamtangaza kuwa malkia wao aliyetabiriwa kwa sababu jua halimdhuru, msalaba haumfanyi kitu, maji ya baraka wala. Yeye anataka kazi tu. Kitabu cha pili anauza viatu dukani, malkia wa wanyonya damu wote anapimia watu saizi.

Damu: hapa hakuna mfuko wala chupa ya kumwokoa, anakunywa kwa watu, bila kuua, na mwenyewe anaona kinyaa. Kwa kanuni yangu hii ingepaswa kuwa nzito kuliko zote lakini haiwi, sababu Betsy hana ubavu wa kuwa na huzuni zaidi ya dakika tano. Ila kuna weusi fulani kwenye vichekesho hivi nisiufiche. Mwanzoni kabisa anajaribu kujimaliza mara kadhaa akidhani yeye ni zimwi, inaelezwa kwa mzaha, na daktari Marc, anayekuja kuwa rafiki yake, Betsy ndiye anayemkuta juu ya ghorofa akitaka kuruka. Mtu ambaye mada hiyo inamgusa karibu ajue mapema.

Wapenzi: wale wale. Eric Sinclair, mrefu, tajiri, mpole wa kuudhi, Betsy anamchukia kwa sauti kubwa mno kiasi kwamba sote tunajua inaelekea wapi. Lakini msururu huu ni wa nyumba nzima kuliko wa mapenzi peke yake, kuna rafiki yake Jessica mwenye hela, kuna Tina, vampaya mwenzao, baadaye kuna mdogo wake Laura, binti mzuri mwenye adabu anayejitolea kanisani, mama yake mzazi ni shetani. Chumbani: kupo, kuna sehemu kumechemka, ila kurasa nyingi ni maneno na mabishano.

Urefu: vitabu 15, kuanzia Undead and Unwed (2004) mpaka Undead and Done (2016), na ni vyepesi, vingi unamaliza kwa siku mbili. Lazima usome kwa mpangilio. Na niseme ukweli wangu hapa, kuanzia cha tisa, Undead and Unfinished, mambo yanageuka, wanasafiri nyakati nyingine, jehanamu inaingia, hadithi inakuwa na uzito na mkanganyiko ambao vile vya mwanzo havikuwa nao. Kuna wanaoipenda zaidi pale. Mi nilipumzika kidogo nikarudi.

Anayefaa: anayetaka sauti moja ya mtu mmoja, ya rafiki yako mbinafsi mwenye roho nzuri anayekupigia simu kulalamika. Ukiwa unachoshwa na mhusika anayejifikiria mwenyewe muda wote, kurasa kumi tu utamfunga.

ROMAN NA WENZAKE (Kerrelyn Sparks)

Roman Draganesti ni mtawa wa zamani, sasa ni tajiri wa New York mwenye kampuni ya Romatech inayotengeneza damu bandia. Ya kuwasaidia hospitali, na ya chupa kwa ajili ya mavampaya. Yaani huyu damu ndo biashara yenyewe. Kuna vinywaji vimechanganywa, Chocolood ni damu na chokoleti, Blissky ni damu na wiski, na akina dada wa kivampaya wanaoogopa kunenepa wana Blood Lite. Kuna televisheni yao, DVN, ina matangazo na tamthilia zake. Sparks kakaa kajiuliza, hawa watu wakiwa na jamii kamili wangeuza nini na wangeangalia nini, akajibu hadi mwisho.

Sasa damu hiyo imewagawa. Kuna waliostaarabika wanaokunywa chupa, na kuna wakorofi wanaoitwa Malcontents wanaosema kung'ata ndo uvampaya wenyewe, chupa ni ya wanyonge. Vita vyao vinapita kwenye vitabu vingi, kwa hiyo kati ya misururu hii minne huu ndo wenye mapigano mengi, mapanga kabisa, na Waskoti wa Angus MacKay wanaofanya kazi ya ulinzi wamevaa sketi zao. Kuna pia kikosi cha CIA kinachowawinda mavampaya wote bila kubagua mwema na mbaya.

Kicheko: mazingira na mikasa. How to Marry a Millionaire Vampire (2005) inaanza na Roman kaletewa mdoli wa mpira wa kufanyia mazoezi ya kung'ata, na mdoli huyo awali hakutengenezwa kwa ajili ya kung'atwa, anamng'ata, jino linatoka. Chonge la mbele limeng'oka na kabla ya alfajiri lazima lirudishwe. Daktari wa meno anayepatikana usiku ni Shanna, anayejificha wauaji wa Kirusi na ambaye tangu aone mauaji anaogopa damu. Nimecheka mpaka mume wangu akawasha taa. Cha pili, Vamps and the City, kinahusu shindano la televisheni la kumtafuta mwanaume mwenye mvuto kuliko wote duniani, na kama umewahi kuangalia vipindi vya namna hiyo utaelewa kila mzaha.

Wapenzi wapya kila kitabu, ila wale wa zamani wanabaki wanapita pita na watoto wao, unawaona wakiendelea na maisha, hicho kitu kwangu ni kitamu. Chumbani kumechemka, kama Argeneau au zaidi, na macho ya vampaya yanawaka mekundu akipata hamu, kwa hiyo hawezi kudanganya hata akitaka, fikiria mkutano wa ofisi.

Vitabu 16, vimekwisha, hausubiri kitu. Kila kimoja kinasimama lakini vita vya chini kwa chini vinaendelea, anza na cha kwanza. Vichwa vingi vya vitabu vimechezea majina ya filamu na vipindi maarufu, na majalada, eeh, majalada yana vifua vya wanaume. Kwenye daladala la Mbagala umebanwa katikati ya watu usilitoe hilo jalada, tumia simu.

Anayefaa: anayetaka mapenzi na ugomvi kwa pamoja, na anayefurahia dunia iliyotengenezwa kwa utani. Atakayechoka ni yule asiyependa ubaya uwe ubaya tu, maana wakorofi wa hapa ni wakorofi kwelikweli, hawana historia ya kukutoa machozi.

JANE, MKUTUBI (Molly Harper)

Jane Jameson ni mkutubi wa watoto mji mdogo wa Half-Moon Hollow, Kentucky. Anafukuzwa kazi, badala ya kiinua mgongo anapewa kadi ya kwenda kula mgahawani, anaenda anailewea, gari linamharibikia usiku akirudi, mlevi mwingine anamdhania ni paa anampiga risasi. Vampaya Gabriel aliyekuwa ameongea naye baa anamgeuza ili asife. Ndo hivyo, mtu kauawa kwa kufananishwa na mnyama.

Katika dunia ya Jane mavampaya walishajitangaza tangu 1999, baada ya mhasibu mmoja aliyegeuzwa kumshtaki mwajiri wake kwa kumnyima kufanya kazi usiku. Kwa hiyo wana baraza, wana sheria, wana vitabu vya mwongozo kwa waliogeuzwa karibuni, na damu bandia ya chupa inauzwa dukani, ingawa wapo wanaokunywa kwa watu waliokubali wenyewe. Damu hapa si siri wala si biashara kubwa, ni kitu cha sokoni tu kama maziwa, na kinachobaki kuwa kigumu ni ndugu.

Na kuhusu ndugu Jane hana mpinzani. Mama yake haogopi kwamba binti kafa, anaogopa watu watasemaje. Anamletea pai ya nyama wiki hadi wiki wakati Jane chakula cha binadamu hakimwendi tena, na Jane anashindwa kukataa kwa sababu nani anakataa chakula cha mama? Hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu, maana ukiwa vampaya Tanga ndo kitu hicho hicho kingekupata, ungeambiwa umekonda, kula kwanza, hayo ya damu tutaongea baadaye. Ana bibi mwenye kuolewa kila mume akifa, ana dada anayegombania urithi, ana mzuka wa ndugu wa kike wa bibi yake anayeishi naye nyumba moja na ndiye mwenye akili kuliko walio hai.

Kicheko ni cha maneno. Jane ni msomaji, anampenda Jane Austen, anajibu kwa kejeli akiogopa, na Kiingereza chake kina utani wa kusini ya Marekani ambao mwingine utakupita, haidhuru. Kuna vampaya anaitwa Dick Cheney, ana miaka mingi kuliko yule aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani na hataki kusikia. Wapenzi ni wale wale, Jane na Gabriel, wanagombana kama watu wazima wanavyogombana, wewe ulikuwa wapi, mbona hukuniambia. Chumbani kupo, kwa kiasi, hakukai muda mrefu. Na kila kitabu kina uhalifu mdogo wa kutatuliwa.

Urefu: vinne vya Jane mwenyewe, Nice Girls Don't Have Fangs (2009) ndo cha kwanza na Nice Girls Don't Bite Their Neighbors (2012) cha nne. Ukiupenda mji, kuna vingine vya watu wengine wa pale pale, na The Care and Feeding of Stray Vampires ina dada anayefanya biashara ya kutumwa tumwa na mavampaya mchana wakiwa wamelala, kulipa bili, kupokea mizigo, nani kasema hakuna ajira. Vitabu vya sauti vinasomwa na Amanda Ronconi na ni vizuri kweli, kwa wale wa foleni ya Ubungo.

Anayefaa: anayetaka kucheka kwanza na kupenda baadaye, na mwenye familia inayomsumbua. Anayetaka mapenzi yawe ndo kila kitu atamwona Gabriel anaonekana kidogo.

SASA UCHUKUE IPI

Kama una wiki ya likizo na unataka kitu ukianze ukimalize, vinne vya Jane vinatosha na havikuachi njia panda. Kama unataka kuingia mahali usitoke mwaka mzima, Argeneau, ila ukichoka na dalili za mwenza pumzika, soma kitu kingine, rudi, hawaendi popote hawa wanaishi milele.

Umeachwa karibuni na hutaki kusikia habari za mwenza aliyeandikiwa na Mungu, basi Betsy, yeye mwenyewe hataki, mtaelewana. Lakini kama katika kuachwa huko umefika mahali pa giza sana Betsy msubirishe, soma Roman, pale huzuni haikai.

Kama mumeo au kaka yako ndo anataka kusoma na anadai mapenzi hayamhusu, mpe Roman umwambie kuna mapanga na CIA. Atakuja kuuliza cha pili kiko wapi. Kama ni binti wa kidato na unamtafutia, mimi hapa sioni cha kumpa, vyote vinne vina chumba cha kulala ndani, mwache kwanza. Kama Kiingereza chako kinataka sentensi fupi zisizokuchosha, Sands na Sparks ndo rahisi kufuata, Davidson ana misemo mingi ya mtaani na Harper ana utani wa maneno unaohitaji uwe macho.

Na kama huna uhakika kabisa, soma sura ya kwanza ya kila kimoja, sampuli nyingi zinapatikana bure kwenye maduka ya vitabu vya simu. Jino lililong'oka, viatu vibaya nyumba ya maiti, mwanaume kafungwa kitandani, au kadi ya mgahawa badala ya kiinua mgongo. Itakayokufanya upige simu kumsimulia mtu ndo hiyo.

Wifi mwenyewe hakusubiri nimalize kuandika. Kanunua Argeneau, kakurupuka na cha kumi huko kwa sababu kalipenda jalada, na jana saa tisa usiku kanitumia ujumbe: "Wifi, huyu Lucian ni nani na mbona kila mtu anamuogopa?"